Vibete wa Tanganyika: Samaki wanaogombania nyumba ya konokono

Usiku mmoja wa mwezi wa nne mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipoingia sebuleni kwangu hapa Rumonge, mke wangu alitangulia kutoa watoto, mimi nikatoa magodoro, debe la mawese na mzani wa kupimia dagaa. Kisha nikarudi na tochi nikasimama mbele ya tangi la samaki. Ndani yake kulikuwa na dume mmoja, majike wawili, na vifaranga kama ishirini ambao hawajafikia hata urefu wa punje ya mchele. Nje ya kioo maji ya ziwa, ndani ya kioo maji ya ziwa, na mimi katikati nimelowa hadi magotini.

Mtu angeniuliza: kwa nini usiwamwage tu, si maji ni yale yale? Swali hilo nitalijibu. Lakini kwanza, ndugu msomaji, hasa wewe uliyerudi kutoka Tanzania kama mimi, na wewe mfanyabiashara unayevuka kila mara kati ya Kigoma, Uvira na Bujumbura, niruhusu nikueleze hawa samaki ni akina nani. Mashua yako imepita juu ya nyumba zao mara nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Wadogo wa ukoo wa kuhe

Perege tunayemkaanga ni wa ukoo ambao wataalamu huuita sikilidi. Ziwa letu lina aina zaidi ya 200 za ukoo huo, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kuhe, ambaye watu wa Kigoma wanamheshimu kwa mchuzi wake, ni sikilidi pia, tena ndiye mkubwa kuliko wenzake wote wa Afrika. Anaweza kuzidi sentimita 70. Na huko huko ziwani wapo vibete wa ukoo ule ule ambao ukimweka mmoja kiganjani anaenea na nafasi inabaki.

Wangu mimi wanaitwa kwa jina la kitaalamu Lamprologus ocellatus. Mwaustria mmoja, Steindachner, ndiye aliyewaandika kitabuni mwaka 1909. Dume hufikia sentimita 6 hivi, jike 4. Kwenye kifuniko cha matamvua ana doa jeusi lenye ukingo wa dhahabu, utadhani jicho la pili, na ndilo lililompa jina. Ukitaka kuwatofautisha, tazama pezi la mgongoni: la dume lina ukingo wa rangi ya machungwa, la jike ukingo mweupe.

Nyumba yake ni kombe la konokono aliyekufa. Yuko konokono wa ziwa hili peke yake, Neothauma, na makombe yake yamelundikana chini ya maji kwa mamia ya miaka. Hayaozi upesi kwa sababu maji ya Tanganyika yana chokaa na magadi ya kutosha. Kiwango chake cha pH ni karibu 9, wakati maji ya mvua yako chini ya 7. Basi katika sehemu za mchanga, ambako hakuna jiwe la kujificha, kombe tupu ndiyo nyumba pekee iliyopo. Aliye nalo anaishi, asiye nalo analiwa.

Lakini hatosheki kulikuta na kuingia. Huchimba mchanga chini ya kombe kwa mdomo na mkia, akalilaza, akaligeuza mpaka mlango utazame juu, kisha akalifukia lote libaki tundu tu. Kazi hiyo nimewahi kuitazama kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri bila kuondoka kitini. Jike akimaliza, dume huja kukagua. Na kama yako makombe mengine jirani asiyoyahitaji, huyafukia kabisa, asije mtu mwingine akakaa.

Nilikowajulia

Wazazi wangu walikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa kijijini kusini ya Kigoma, si kambini, maana baba hakutaka kuondoka kando ya maji. Nilipokuwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipata kibarua kwa tajiri mmoja aliyekuwa akinunua samaki hai wa mapambo. Kazi yangu ilikuwa kushika kamba kwenye mashua, na baadaye kuzamia.

Biashara hiyo si ngeni ziwani. Huku Burundi ilianzishwa mapema miaka ya 1970 na Mbelgiji, Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha kwa ndege kwenda Ulaya, na wako samaki wa ziwa letu wanaobeba jina lake mpaka leo. Samaki hufungishwa njaa siku moja au mbili wasichafue maji njiani, huwekwa kwenye mfuko wa plastiki wenye maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mfuko ukafungwa ndani ya sanduku lisilopitisha joto. Wale wa mawe, wenye mistari na rangi za kuvutia, tuliwakamata kwa nyavu, watu wawili wawili, na tukawapandisha polepole kwa vituo, kwa sababu samaki akitolewa ghafla kutoka mita 15 tumbo hufura kwa hewa akafa.

Kibete wa kombe hakuhitaji wavu. Ukimkaribia anaingia ndani. Unachopoa kombe, unaziba mlango kwa kidole gumba, unalitia mfukoni. Tulikuwa tukicheka: huyu ukichukua nyumba umemchukua na mwenyewe.

Siku hizi, kama ujuavyo, sehemu kubwa ya vibete wanaouzwa Ulaya hawajawahi kuliona ziwa. Wanazaliwa kwenye matangi Ujerumani na Ucheki, kizazi juu ya kizazi, wakipewa maji ya bomba yaliyotiwa chumvi ili yafanane na ya kwao. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza niliwafikiria vijana wetu waliozaliwa Katumba na Mishamo, wakashuka kwenye malori mwaka 2008 wakiulizana mlima ule unaitwaje.

Nami nilirudi mwaka huo huo. Shamba la baba, lenye michikichi na kipande cha ardhi kinachoshuka hadi majini, nilikuta lina mwenyewe. Mzee huyo hakuwa mwizi; naye alipewa na waliokuwa na uwezo wa kutoa wakati ule, akapanda michikichi mipya, akazalia watoto hapo. Baada ya vikao vingi tuliambiwa tugawane nusu kwa nusu. Yeye akabaki na nusu ya juu iliyo karibu na barabara, mimi nikapata ya chini. Tukajenga ua wa matete katikati, na kwa miaka mingi salamu yetu ilikuwa kikohozi.

Kosa langu la kwanza

Tangi la kwanza nilitengeneza mwaka 2011 kwa kioo cha dirisha la duka lililobomolewa. Fundi alinikatia vipande, nikaviunganisha kwa silikoni: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 30. Hilo linachukua lita 54 ukilijaza pomoni, na linatosha dume mmoja na majike wawili. Usijaribu madume wawili katika ukubwa huo. Mmoja atamfukuza mwenzake mpaka kwenye kona ya juu, na asubuhi utamkuta mgonjwa au maiti.

Samaki sita niliwaleta kutoka Kigoma. Karatasi za idara ya uvuvi na ya mifugo zilinichukua siku nne na kunigharimu zaidi ya samaki wenyewe, lakini nilizichukua. Nawaambia wenzangu wa mpakani: msifiche samaki hai kwenye dumu, au bido kama tunavyosema huku, chini ya magunia ya dagaa. Mama mmoja tunayefanya naye biashara alijaribu. Askari hawakumkamata, jua ndilo lililomkamata. Alifungua bido Rumonge akakuta maji ya uvuguvugu na samaki wamelala ubavu.

Mimi nilifika nao wazima, nikajaza maji ya ziwa, nikatia mchanga, nikawaachia siku hiyo hiyo. Siku ya tatu walianza kuhema. Siku ya sita nilibaki na mmoja.

Nilidhani nimelogwa, au kioo kina sumu. Daktari wa mifugo, kijana aliyesomea uvuvi, ndiye aliyenifahamisha. Mkojo na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Ziwani inasambaa, lakini ndani ya lita 54 inabaki pale pale mpaka waje bakteria wa kuigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, na bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuzaliana kwenye mchanga na kwenye sponji. Tena amonia ni kali zaidi maji yakiwa na pH ya juu. Kwa hiyo maji yetu mazuri ya Tanganyika, ambayo watu wa Gitega wangeyatamani, ndiyo yaliyowaua samaki wangu upesi zaidi.

Kwa hiyo safari ya pili nililiacha tangi na maji, mchanga na sponji inayovutwa na pampu ya hewa, nikawa natia unga wa dagaa kidogo kila siku bila samaki hata mmoja. Mke wangu alisema nalisha mizimu. Wiki ya sita ndipo nikaweka samaki, na hawakufa.

Maji, mchanga na chakula

Anayekaa kando ya ziwa ana bahati: achote maji mbali na mitaro na mahali pa kufulia. Kila wiki natoa robo ya maji na kutia mengine. Sponji naisuuza ndani ya maji yale yale niliyoyatoa tangini, kamwe si kwa maji ya bomba, kwa sababu dawa ya bomba huua wale bakteria niliowangoja wiki sita. Aliye mbali, anayetumia bomba, ayaache maji kwenye ndoo wazi siku mbili, na achanganye mchanga wake na vipande vya chokaa au makombe yaliyopondwa ili pH isishuke. Joto linalotakiwa ni nyuzi 25 hadi 27. Hapa Rumonge sina shida nalo. Huko milimani usiku ni baridi, utahitaji kifaa cha kupasha maji, na kifaa kinahitaji umeme, na habari za umeme unazijua.

Umeme ukikatika muda mrefu, acha kulisha. Samaki mzima anaweza kukaa siku tatu bila chakula, lakini hawezi kukaa saa nyingi bila hewa. Chota maji kwa kikombe, uyamwage kutoka juu yafanye povu, urudie tena na tena. Nina betri ndogo ya sola inayoendesha pampu usiku, na hiyo ndiyo mali niliyonunua ghali kuliko vyote.

Mchanga uwe laini, kina cha sentimita 5 au zaidi, la sivyo hawezi kufukia nyumba yake na atahangaika. Makombe yawe mengi kuliko samaki, mawili au matatu kwa kila mmoja. Ya Neothauma ndiyo bora, lakini la konokono wa shambani lenye mlango wa kuenea kidole linafaa, baada ya kulichemsha.

Wakubwa nawalisha viluwiluwi vya mbu kutoka kwenye pipa la mvua, na dagaa wakavu wasio na chumvi waliosagwa. Iwe ndagala kama tunavyosema huku, ndakala ya Uvira, au dagaa wa Kigoma, samaki ni yule yule. Chukua kidogo kinachoshikwa na ncha za vidole viwili. Dagaa ana mafuta, ukizidisha maji yanavunda. Kwa vifaranga, napita asubuhi mapema na kitambaa cheupe ndani ya mtumbwi, nachuja vidudu vya maji, vile vidogo vinavyorukaruka. Nikikosa, kiini cha yai la kuchemsha kilichokamuliwa kwenye kitambaa, tone moja tu.

Kuzaa

Jike akiwa tayari hujigeuza geuza mbele ya dume kwenye mlango wa kombe lake. Hutaga ndani, mahali ambapo wewe huoni, na dume humwaga manii mlangoni. Kisha jike hukaa pale akipepea maji yaingie. Utajua tu kwa ukali wake. Kiumbe wa sentimita 4 anatoka kuuma mkono wa mtu mzima! Mimi nimeumwa mara nyingi. Haiumizi, ila unashtuka mpaka maji yanamwagika.

Baada ya siku kama kumi, asubuhi moja, unaona pembeni ya tundu vijidoa vinavyocheza. Ndio hao. Ishirini, thelathini, wakati mwingine kumi tu. Mama akitikisa mwili wote wanaporomoka ndani kama maji kwenye faneli. Lakini upendo huo una mwisho wake. Wakifikia sentimita moja hivi, naye anataka kutaga tena, huwafukuza watoto wale wale. Asiyepata kombe la kujificha hana siku nyingi. Hapo ndipo mfugaji anatakiwa awe na tangi la pili, na hapo ndipo wengi wetu hatuna.

Kuhusu biashara, sitawadanganya kwamba nimejenga nyumba kwa vibete. Wateja wangu ni hoteli mbili za ufukweni na watu wachache wa Bujumbura wenye nafasi. Jozi moja nauza kwa bei ya kilo moja ya mukeke, huyo ambaye Kigoma wanamwita mgebuka. Mukeke ukipanda, na mimi napanda.

Usiku wa mafuriko

Sasa lile swali. Kwa nini sikuwamwaga? Kwanza, hawa walitoka Kigoma. Kibete wa kombe hahami. Anazaliwa, anazeeka na kufa kwenye kipande kile kile cha mchanga, na ndiyo maana samaki wa ziwa hili hutofautiana rangi kutoka pwani moja hadi nyingine ingawa jina ni moja. Ukiwachanganya, unaharibu kitu kilichochukua maelfu ya miaka, na ugonjwa wa tangini unaweza kuwafuata. Pili, na hili ni la moyoni, sikutaka.

Lita 54 za maji pamoja na mchanga na kioo zinazidi kilo 60. Huwezi kubeba peke yako gizani. Nilikuwa bado nimesimama pale niliposikia sauti ng'ambo ya ua.

"Jirani! Mnangoja nini huko? Leteni watoto!"

Alikuwa yule mzee, na taa ya chemli mkononi. Wajukuu wake walikuwa wamekwisha kulala matete ya ua chini kwa panga ili tupite.

"Asante, mzee. Watoto wanakuja. Ila kuna na samaki."

"Samaki? Saa hizi unavua?"

Nilimweleza kwa haraka. Alinyamaza, kisha akawatuma vijana wawili. Tulichota maji mengi tukayatia kwenye bido mbili. Samaki kwa woga walikuwa wameingia nyumbani kwao, nami nikafanya kama nilivyofundishwa Kigoma: nikachopoa kombe moja moja, kidole gumba mlangoni, nikaliweka kwenye beseni. Vifaranga niliwachota kwa bakuli, na nadhani sita hivi niliwapoteza. Saa tisa usiku tangi lilikuwa limekaa juu ya meza ya mzee, chini ya picha ya ubatizo wa binti yake.

Tulikaa kwake, watu saba na samaki, muda wa wiki tatu, mpaka nilipopata chumba cha kupanga juu ya barabara. Tangi halikuwa na nafasi kwenye chumba hicho. Likabaki kwake miezi minne.

Mzee aliwapenda mno. Ndilo lililokuwa tatizo. Kila alipokula, nao walikula: ugali wa muhogo, maharage, siku moja hata mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa. Nilipokwenda kumjulia hali Jumapili moja nilikuta maji meupe kama ya kuoshea mchele na vifaranga wote wamekwisha, pamoja na jike mmoja. Mjukuu wake mdogo, yule ambaye zamani alikuwa akipenya kwenye tundu la ua kuja kuchungulia dirishani kwangu, alikuwa amekaa chini analia.

"Nilidhani wana njaa," mzee aliniambia. "Wanakuja kwenye kioo wananitazama."

Ningesema nini? Nilibadilisha maji siku tatu mfululizo, nikamwonyesha kipimo cha vidole viwili, na nikamkabidhi mtoto kazi ya kulisha. Dume na jike mmoja walipona.

Maji yalipopungua nilirudi kwenye nusu yangu. Mawimbi yalikuwa yamekula hatua kumi na moja za ardhi niliyogawiwa na michikichi mitatu imelala majini. Ua wa matete hatujaurudisha. Mzee anasema matete yamepanda bei, nami sijamwuliza bei gani. Tangi nililichukua, na mwaka uliofuata fundi yule yule alikata kioo cha la pili, ambalo liko pale pale juu ya meza, chini ya picha ya ubatizo, na ndani yake wamo watoto wa wale waliopona.

Juzi saa nne usiku simu ilinilia. Alikuwa mzee.

"Wewe, jike wako amewafukuza watoto wote nje. Wako kumi na wanane, nimewahesabu. Wamejibana kwenye kona. Unayo makombe?"

Nilimwambia ninayo kwenye ndoo, nitayaleta asubuhi.

"Asubuhi mbali," akasema. "Mlango uko wazi."